Ukuta wa stoo, oveni mpya na makadirio ya TRA

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata. Natengeneza keki za oda nyumbani, TIN ninayo na leseni ninayo. Mauzo yangu kwa mwaka ni kama milioni 38, na nikitoa unga, mayai, siagi, gesi, maboksi, bodaboda na msichana wa kunisaidia, kama milioni 24 zinaondoka. TRA wamenikadiria karibu milioni 1.3 kwa mwaka. Mwaka huu nimetumia milioni 9.4 kukarabati: nimevunja ukuta kati ya jiko na stoo pawe pamoja, nikapiga plasta na tailizi, nikaweka sinki kubwa na mabomba (3.2), waya mpya na laini ya peke yake kwa ajili ya vyombo vikubwa (laki 7), oveni (2.6), friza (1.1), halafu rangi ya sebule na geti (1.8), maana wateja wanakaa sebuleni kuchagua keki. Nyumba ni ya mume wangu. Mwenzangu wa Mbezi ameniambia ukarabati wote unakatwa kwenye kodi kwa kuwa biashara iko nyumbani. Ni kweli? Na risiti nyingine sina.

JIBU: Marahaba mama. Nianze na mwenzako wa Mbezi, kwa sababu kila wiki namsikia mtu kama yeye. Maneno yake yana ukweli ndani yake, ila ukweli huo unamhusu mtu anayelipa kodi kwa namna nyingine kabisa, wewe haukuhusu. Kabla ya kuuliza gharama gani inakatwa, uliza kwanza: kodi yangu inapigwa juu ya nini, mauzo au faida?

Wewe unalipa juu ya mauzo. Hiyo ndiyo kodi ya makadirio. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inamruhusu mfanyabiashara binafsi mkazi wa Tanzania, ambaye kipato chake chote ni cha biashara ya hapa nchini na mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, akadiriwe kwa kutazama mauzo peke yake. Kikomo hicho kilikuwa milioni 20 hadi 2019, ndipo kikapandishwa. Muuza keki, msusi, fundi cherehani na mwenye genge wanaingia humo. Wakili, mhandisi au mhasibu kama mimi hatuingii, hata kama tunafanyia kazi sebuleni na mauzo yetu ni madogo kuliko yako.

Sasa tazama maana yake. Afisa aliyekukadiria hakuuliza umenunua unga kilo ngapi, wala mayai trei ngapi. Aliangalia mauzo, akasoma jedwali, akaandika kiasi. Kama hakukata unga, ambao bila huo hakuna keki, atakataje tailizi? Kwenye mfumo huu hakuna mahali pa kuandika gharama yoyote. Milioni 9.4 zako, hata ungekuwa na risiti zake zote zimelaminishwa, hazitapunguza hiyo milioni 1.3 kwa shilingi moja.

Najua jibu hilo linauma, na wengi wakifika hapa wanafunga daftari. Usifunge, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inakupa hiari. Mtu anayestahili makadirio anaweza kuyakataa kwa mwaka husika na kuomba atozwe juu ya faida. Hapo ndipo gharama zinapoanza kuwa na sauti, na hapo ndipo alipokuwa mwenzako wa Mbezi, kama kweli anajua anachosema. Tupige hesabu basi, kwa sababu tusipoipiga tutabaki na ubishi wa kijiweni.

Mauzo milioni 38, toa gharama milioni 24, faida milioni 14. Mtu binafsi mkazi hutozwa kwa ngazi. Milioni 3.24 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi milioni 6.24 ni asilimia 8, halafu hadi milioni 9.12 ni asilimia 20, halafu hadi milioni 12 ni asilimia 25. Ukifika milioni 12 umeshafikisha shilingi 1,536,000 za kodi, na kila shilingi inayozidi hapo inatozwa asilimia 30. Kwako zimezidi milioni 2, kwa hiyo unaongeza laki 6. Jumla 2,136,000.

Umeona? Kabla ya kugusa ukarabati, kulipa juu ya faida kunakugharimu zaidi ya laki 8 kupita makadirio unayoyalalamikia. Sasa tuingize ukarabati, na niwe mkarimu kwako kuliko atakavyokuwa afisa yeyote. Tuseme wamekubali ujenzi wote, umeme wote, oveni na friza. Hata hapo hukati milioni 7.6 kwa mkupuo. Kitu kinachodumu miaka mingi ni cha mtaji, na sheria inakirudisha kidogo kidogo kwa njia ya uchakavu. Jengo na kilichoshikamana nalo, yaani plasta, tailizi, mabomba na waya za ukutani, linapewa asilimia 5 ya gharama kwa mwaka, kwa hiyo unalisubiri miaka 20. Milioni 3.9 zako zinakupa shilingi 195,000 kwa mwaka. Sheria inagawa mali kwa madaraja ya uchakavu; oveni na friza nimeziweka kwenye daraja la 3, ambalo linabeba samani, vifaa na mali yoyote isiyopata daraja lingine. Huko ni asilimia 12.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Milioni 3.7 zinakupa 462,500 mwaka wa kwanza, na mwaka unaofuata ni kidogo zaidi.

Jumlisha: 657,500. Hicho ndicho kinachotoka kwenye faida. Kwenye kodi yenyewe unaokoa asilimia 30 yake, yaani 197,250. Kodi yako inashuka kutoka 2,136,000 hadi 1,938,750, na makadirio yako ni milioni 1.3. Bado hujamlipa mhasibu wa kukuandalia hesabu na ritani (taarifa ya kipato inayopelekwa TRA), naye hafanyi kwa kipande cha keki. (Mimi nimewahi kulipwa keki. Ilikuwa nzuri, ila ada ya shule haikulipika.)

Kwa hiyo baki ulipo. Kwa namba ulizonipa, makadirio ndiyo yanayokulinda. Yatakapoacha kukulinda ni siku faida yako itakaposhuka chini ya kama milioni 11 huku mauzo yakibaki hapo hapo. Nimeipiga: faida ya milioni 11 na ushee kidogo ndiyo inayozaa kodi ya milioni 1.3. Unga ukipanda bei na wateja wa Tabata wakakataa kupandishiwa, faida ikafika tuseme milioni 9, kodi yake ni 792,000, na hapo kulipa juu ya faida kuna maana. Kitakachoamua ni faida yako kwenye kila keki. Tailizi hazina uzito huo. Nakuomba uliangalie daftari lako kwa jicho hilo kila mwisho wa mwaka.

Ungeweza kuishia hapo. Lakini umeniuliza kama mwenzako amesema kweli, na siku moja huenda ukahamia huko aliko, kwa hiari au kwa kuvuka milioni 100. Nakuombea hilo la pili. Acha basi nikuambie ni kitu gani hasa kingekubaliwa, maana sikuficha kwamba hapo juu nilikuwa mkarimu.

Sheria inakata gharama iliyotumika kwa ajili ya kuzalisha kipato cha biashara, tena kwa ajili hiyo tu. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayowaangusha watu wa biashara za nyumbani. Upande wa pili kuna matumizi ya mtu mwenyewe, familia yake na makazi yake, na hayo yamekatazwa waziwazi. Jiko la nyumbani liko katikati. Asubuhi linachoma keki ya harusi ya watu, mchana linapika ugali na dagaa wa watoto wako. Afisa akikuuliza jiko hili ni la biashara tu, utamjibu nini? Ukisema ndiyo, na sufuria ya uji iko hapo hapo, umejimaliza mwenyewe.

Na hapa mama nitakusema kidogo. Kabla ya ukarabati ulikuwa na stoo. Chumba kidogo, kina mlango wake, kingeweza kuwa cha keki peke yake: oveni humo, friza humo, meza ya kupambia humo, mlango unafungwa watoto wasiingie. Tailizi za humo, waya za humo, sinki la humo, vyote ungevitetea mbele ya afisa yeyote bila kutoa jasho. Ulipovunja ule ukuta ulivunja na ushahidi wako. Sasa una jiko moja kubwa zuri la kila kitu, na kitu cha kila kitu kwenye kodi ni taabu. Ungeniuliza kabla ya kumwita fundi ningekuambia vunja ukuta mwingine.

Watu wananiuliza: si tugawe nusu kwa nusu? Kwa vitu vinavyopimika, kama umeme na gesi, mgawo wenye hesabu nyuma yake unajadilika. Mteja wangu mmoja wa Kinondoni aliweka mita ndogo ya ndani kwenye laini ya mashine zake za kushonea, akawa anaandika usomaji kila mwisho wa mwezi pamoja na risiti za LUKU. Hakuna aliyembishia. Wewe una laini yako ya peke yake tayari, mita ndogo ya ndani ni kazi ya nusu siku kwa fundi umeme. Lakini kugawa ukuta, tailizi na dari kwa macho, "mimi nahisi asilimia 60 ni biashara", usiingie nayo ofisini kwa mtu. Na usichanganye ile shilingi 1,500 inayokatwa kwa mwezi kwenye LUKU: hiyo ni kodi ya majengo ya nyumba, haina uhusiano na makadirio yako, ingawa nimeona watu wakija nayo wakidai wameshalipa kodi ya biashara.

Oveni na friza hazina utata mkubwa kama friza haijajaa samaki wa nyumbani. Ni vyombo, vinahamishika, unavimiliki wewe, na kazi yake inaonekana. Ungekuwa unalipa juu ya faida, hivi ndivyo ningevipigania kwanza.

Jengo lina kikwazo kingine ambacho umekitaja kwa sentensi moja ukapita: nyumba ni ya mume wako. Uchakavu hupewa mtu anayemiliki mali na kuitumia kwenye biashara yake. Jina kwenye hati ni la mume, mwenye biashara ni wewe. Ndoa yenu idumu, lakini mbele ya kodi ninyi ni watu wawili wenye TIN mbili. Kuna wanaoshauri mume amkodishe mke chumba kwa mkataba ili kodi ya pango iwe gharama ya biashara. Inawezekana kisheria, ila hapo mume amepata kipato cha pango, na wewe unayelipa pango la biashara unatakiwa kumkata asilimia 10 ya zuio, yaani kodi unayoizuia kwenye malipo kabla ya kumpa, na kuipeleka TRA. Kwa biashara ya ukubwa wako ni kuchimba kisima ili uoshe kikombe.

Matengenezo ni habari nyingine, na nayataja kwa sababu watu wanayachanganya na ukarabati. Oveni ikiungua kamba ya ndani ukaibadilisha, au friza ikaishiwa gesi ukajaza, hiyo ni kurudisha kitu kwenye hali yake, na inakatwa yote mwaka huo huo. Kuongeza kitu ambacho hakikuwepo, au kukifanya bora kuliko kilivyokuwa, ni mtaji na kinaenda kwenye uchakavu. Bomba lililopasuka likazibwa ni matengenezo. Sinki jipya lenye mabakuli mawili pale palipokuwa na beseni ni mtaji. Mafundi wetu huandika "repea" kwa kila kitu, hata nyumba iliyojengwa upya. Usidhani neno hilo litamshawishi mtu.

Kuhusu risiti ulizokosa. Kwa anayelipa juu ya faida, gharama isiyo na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) haikatwi, isipokuwa muuzaji ni mtu ambaye sheria haimlazimishi kutumia mashine. Ukinunua tailizi Kariakoo au saruji Buguruni, dai risiti ya mashine na uwape TIN yako iingizwe humo. Risiti isiyo na jina la mnunuzi haionyeshi kwamba ni wewe uliyenunua. Wenye maduka wana mchezo wao: "Na risiti ni bei hii, bila risiti ni bei ile." Kwa mtu wa makadirio kishawishi ni kikubwa, kwa sababu risiti haimpunguzii kodi leo. Hata hivyo kununua bila risiti ni kosa lenye faini kwa mnunuzi pia. Fundi mdogo asiye na mashine akuandikie kwa mkono: jina, TIN, kazi, kiasi, tarehe, sahihi. Ujumbe wa M-Pesa unaosema "umetuma 450,000 kwa" fulani unathibitisha kwamba hela imetoka, hausemi imefanya kazi gani.

Na kuna jambo ambalo mwenzako wa Mbezi hakulijua au hakutaka kukutisha nalo. Ukishatangaza kwamba fundi alikuwa anafanya kazi ya biashara yako, umekuwa mtu anayelipia huduma katika biashara. Hapo unatakiwa kukata zuio la asilimia 5 kwenye malipo ya ufundi na kuliwasilisha. Nimeona mtu akidai gharama ya mafundi ya milioni kadhaa, akaambiwa vizuri, tuonyeshe zuio. Alikuwa hana. Akatoka na deni jipya badala ya nafuu.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) uliyolipa ndani ya bei ya tailizi, asilimia 18, nayo hairudi. Inarudi kwa aliyesajiliwa VAT tu, na usajili wa lazima unaanza kwenye mauzo ya milioni 200 kwa mwaka.

Sasa la kufanya. Makadirio yako lipa kwa awamu zake nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Daftari la mauzo na manunuzi endelea nalo, na karatasi zote zihifadhi angalau miaka mitano, kwani ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inavyotaka, na bila daftari hutajua siku ya kuhama mfumo. Kama TBS walikukagua jiko wakakuandikia urekebishe kitu, karatasi yao iweke pamoja na risiti. Kukitokea siku ya kujieleza, barua ya mkaguzi inayosema "weka sinki la kunawia" inaonyesha kuwa biashara ndiyo iliyolidai hilo sinki.

Ukija kupanuka, usiguse tena ndani ya nyumba. Kama uwanja upo, jenga chumba cha keki uani, chenye mlango wake na mita yake, na kabla ya tofali la kwanza muafikiane na mume wako kwa maandishi kwamba chumba hicho ni chako. Hapo nitakuja mwenyewe kukusaidia kudai asilimia 5 yako, na keki nitaipokea.

Imebaki rangi ya sebule na geti, milioni 1.8. Wateja kukaa kwenye kochi kuchagua keki hakuigeuzi sebule kuwa duka. Hata kwa anayelipa juu ya faida, hiyo ingekataliwa kabla hujamaliza sentensi. Lakini risiti za ujenzi wote, ukuta na tailizi hasa, mpe mume wako azitie kwenye bahasha moja na hati ya nyumba. Akija kuiuza, kodi ni asilimia 10 ya faida ya mauzo, na gharama za kuiboresha nyumba zinaongezwa kwenye gharama yake ya awali, faida inapungua. Nyumba aliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa kabisa faida isipozidi milioni 15, ila kwa bei za viwanja vya Tabata siku hizi, hiyo milioni 15 inavukwa mapema. Zile risiti za karatasi ya mashine hufutika wino baada ya mwaka au miwili, kwa hiyo zitolee kopi wiki hii.